Pazia la Kizuka

Sehemu ya Tano

Tuliwaacha mlangoni, na mlango ndiyo kwanza unafunguka.

Siku kumi na moja Ridhwan na mkewe Sumaiya wamezunguka Mji Mkongwe wakitafuta nyumba yenye dirisha la kijani linalotazama msikiti. Wametoka Mombasa kuja kuhamia, na mtoto wa miezi saba, masanduku mawili, na maneno ya mwisho ya marehemu mama yake Ridhwan: baba yako yuko Unguja, anaitwa Matar, fundi saa. Alinioa kwa ndoa. Waliokwambia sikuolewa, nenda ukawaletee jibu.

Alhamisi baada ya alasiri, katika kichochoro cha Kiponda walichokwishakipita mara mbili, Sumaiya akainua macho. Dirisha hilo hapo. Ridhwan akapiga hodi.

Aliyefungua alikuwa mzee mrefu mwenye kofia ya viua na tasbihi mkononi. Ridhwan alimwamkia, akauliza kama hapa ndipo kwa Mzee Matar fundi saa.

"Ndipo alipokuwa," mzee akasema. "Tumemzika Jumatano iliyopita. Leo siku ya nane."

Sumaiya aliiona shingo ya mumewe ikilegea. Asubuhi ile ile alimkuta mbele ya kioo, anajizoeza kusema "Shikamoo baba", maneno ambayo tangu azaliwe hajapata wa kumwambia. Alimcheka. Sasa alitamani asingemcheka.

Mzee yule alikuwa Shaame, mdogo wake marehemu. Alidhani wageni wamekuja kutoa mkono wa taazia, akawakaribisha barazani walipokuwa wamekaa majirani wawili wa makamo yake. Akauliza kwa upole, marehemu alikuwa nani yao.

"Mimi ni mwanawe," Ridhwan akasema.

Tasbihi ikasimama.

Mzee Shaame hakupiga kelele. Bora angepiga. Alizungumza kama unavyozungumza na mtu aliyekosea mtaa. Ndugu yake, alisema, alikaa na Bi Riyama miaka thelathini na tano na Mungu hakuwajaalia mtoto, mji mzima unajua. Jirani mmoja akadakia kwamba siku hizi nyumba ya Mji Mkongwe ikifiwa, mtoto huzuka kabla mikeka ya msiba haijakunjwa. Mwenzake akaongeza kwamba huyu amechelewa, wengine huzuka maiti bado anaoshwa.

Ridhwan aliwavumilia. Akaeleza habari za mama yake, Fathiya, na jinsi Matar alivyokuwa akenda Mombasa kila mwaka kutafuta vipuri vya saa, na ndoa iliyofungwa nyumbani mbele ya watu wanne. Wakamuuliza cheti. Hakuna. Mashahidi? Wamekufa. Shekhe aliyefungisha? Naye kafa.

"Basi na nikuulize moja tu," Mzee Shaame akasema. "Mtu akifa, wa kwanza kutia bega kwenye jeneza ni mwanawe. Ndugu yangu kabebwa na majirani na wapita njia. Wewe ulikuwa wapi?"

 Ridhwan akauliza kwa sauti ndogo, maziko yalipita saa ngapi, na njia gani.

"Kabla ya adhuhuri. Tukatokea Darajani."

Sumaiya alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Jumatano ile ilikuwa siku yao ya tatu mjini, na mpaka leo hawajapata nyingine nzuri kama ile. Walipotea kuanzia Mkunazini mpaka Sokomuhogo, wakatokea walikoanzia, wakapotea tena. Sumaiya alikuwa na daftari lake, kila mtaa waliomaliza kuutafuta anauandika jina. Pale Darajani Ridhwan aliomba mahamri, mama muuzaji akamwambia mahamri hana, ana mandazi. Ridhwan akayaonesha kwa kidole: si hayo, na iliki naiona.

"Huko kwenu ndiyo mahamri," mama yule akamjibu. "Yakishavuka bahari ni mandazi. Na wewe ushavuka, kula unachopewa."

Walicheka mpaka mtoto naye akacheka asijue anacheka nini.

Ndipo likaja jeneza. Waliokuwa wananunua samaki wakaacha samaki, wenye maduka wakatoka, kila mwanamume akijipenyeza atie bega hatua mbili tatu apate thawabu. Ridhwan alimpa Sumaiya mfuko wa mandazi, akaingia. Hatua kumi, labda kumi na mbili, kisha mtu wa nyuma akampokea kama ilivyo desturi. Alirudi akijipangusa bega. Mungu amrehemu, alisema, sijui nani. Akachukua andazi lake, wakaendelea na matembezi yao mpaka Forodhani.

"Nilimbeba," Ridhwan aliwaambia wazee wale. "Nilimbeba na sikumjua."



"Darajani nzima ilimbeba," Mzee Shaame akasema. "Hilo linakufanya Muislamu. Halikufanyi mtoto."

Lakini tusimwonee Mzee Shaame. Hakuwa mtu mbaya, na neno "nilimbeba" lilimwingia. Alizungusha tasbihi yake, akashauriana na majirani kwa macho, kisha akasema kwamba yeye hajui na hawezi kuapa kwa asilolijua. Ila yuko anayejua.

Juu ya nyumba ile alikuwako Bi Riyama, mjane wa marehemu, kizuka, amekaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki, na mwanamume hamwoni isipokuwa maharimu wake. Hata majirani hawa waliomjua tangu alipoletwa bibi harusi, siku hizi wanamsemesha kwa nje ya pazia.

"Sasa sikiliza," Mzee Shaame akasema. "Kama Matar ni baba yako, yule juu ni mke wa baba yako. Hapana pazia baina yako na yeye, leo wala kesho. Atalifungua, utamwona uso, utambusu mkono, na sisi hapa sote tutakwita mwanetu. Kama si baba yako, basi wewe ni mwanamume wa njiani, na pazia litabaki lilivyo. Yeye mwenyewe ndiye ataamua. Umeridhika?"

Ridhwan alisema ameridhika. Akamwangalia Sumaiya, na kwa mara ya kwanza tangu mlango ufunguliwe akajaribu kutabasamu.

Ikakubaliwa mwanamke apande kwanza, amweleze mwanamke mwenzake. Wanaume watafuata.

Ngazi ilikuwa ya mbao, na ililia kila ilipokanyagwa. Aliyemtangulia Sumaiya alikuwa Tahiya, mtoto wa dada yake Bi Riyama, mwanamke wa umri wa Sumaiya aliyekuja kukaa na mama yake mkubwa tangu Mzee Matar alipougua. Alimwonya Sumaiya ubao wa nne umeoza. 

Bi Riyama alikuwa amekaa kwenye mkeka katika nguo nyeupe, macho hayana wanja, mikono haina hina. Ukutani saa zilikuwa nyingi, na kwa kuwa mwenye kuzitia ufunguo hayupo, kila moja ilikuwa inasema wakati wake. Pazia zito la buluu lilikata chumba kutoka ukumbini.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Sumaiya alieleza yote, tangu Mombasa mpaka barazani. Alieleza vibaya, akirudia na kuruka, maana bibi yule hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama mtoto.

"Anaitwaje?"

"Matar."

Bi Riyama akanyoosha mikono. Mtoto akaenda bila kulia. Bibi akamgeuza kichwa taratibu, akalitafuta sikio la kushoto, lile lililokunjika juu kama ukurasa. Ridhwan analo. Bi Riyama alipitisha kidole gumba kwenye mkunjo ule, mara moja, mara mbili, kama mtu anayepapasa kitu chake mwenyewe.

Kisha akamwambia Tahiya ashuke akawapikie wanaume kahawa. Tahiya akatoka kwa mlango wa pembeni, akauvuta nyuma yake.

"Una udhu?" Bi Riyama akauliza.

Sumaiya alikuwa nao tangu alasiri.

Bi Riyama akautwaa msahafu kwenye marufaa, akauweka mkekani baina yao. Alisema analo jambo moyoni, limemkaa kama jiwe, na kabla mwanamume yule hajapanda anataka kulitua. Lakini halitoki chumba hiki. Aapiwe kwanza.

Wasomaji wangu, msimhukumu Sumaiya. Yuko mbele ya mjane aliyempakata mwanawe na kumpapasa sikio. Alifikiri: mama huyu ameshamjua mume wangu, na atafungua pazia. Lililobaki ni fedheha yake ndogo ya wake wenza, anataka kuifunika kwanza. Nani angemnyima sitara hiyo? Akaweka mkono wa kulia juu ya msahafu.

"Wallahi sitomwambia mtu."

"Hata mumeo."

Sumaiya alisita.  "Hata mume wangu," akasema.

Bi Riyama akashusha pumzi.

"Nnajua kama ni mwanawe," akasema. "Nnajua miezi miwili sasa. Matar alipoanza kuugua aliniambia yote, Fathiya, na ndoa, na mtoto. Akataka mwanawe aitwe. Nambari ya Mombasa anayo kichwani miaka yote hiyo. Akarekodi maneno kwenye simu yangu, akaniambia mtumie. Nikamwambia nshatuma."

Alimpigapiga mtoto mgongoni.

"Sikutuma. Siku arubaini, kila akiamka ananiuliza, amejibu? Nnamwambia bado. Amekufa anaamini mwanawe kamkataa."

Sumaiya aliuliza yako wapi maneno hayo. 

"Nshayafuta."

Hakulia. Alisema tu kwamba miaka thelathini na tano watu walimhesabia ugumba, na mumewe akinyamaza, na kumbe mwenzake ana mtoto ng'ambo. Siku ile aliyomwambia, alisema, alitaka naye aonje kungoja kitu kisichokuja. Alidhani atamwonjesha siku mbili tatu tu. Siku zikapita, na kila moja ikaifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Ngazi ikalia. Wanaume walikuwa wanapanda. Sumaiya alizihesabu hatua, na ubao wa nne ulipolia kwa sauti yake mbovu, jambo moja likampitia kichwani, likapita mbio, hakulishika: Tahiya aliposhuka, hakuusikia.

Wakakaa ukumbini. Kikohozi cha Mzee Shaame. Mkeka ukasogezwa. Halafu sauti ya Ridhwan, hatua tatu tu kutoka hapo, ikitetemeka:

"Shikamoo mama."

Bi Riyama akasimama, mtoto begani. Akalikamata pazia kwa ukingo. Sumaiya alimwona vidole vikikaza, na pazia likasogea kiasi cha unene wa kidole, mwanga mwembamba wa ukumbini ukaanguka kwenye nguo nyeupe ya bibi yule na kwenye shavu la mtoto. Sogeza, Sumaiya aliomba moyoni. Sogeza tu, bi, Mungu atakusitiri lililobaki.

Mwanga ukakaa pale. Ukakaa.

Kisha vidole vikaachia, na mwanga ukaondoka.

"Marahaba, mgeni wangu," Bi Riyama akasema, sauti haina mtetemeko hata kidogo. "Pole kwa safari. Shaame, mgeni apewe kahawa, halafu asindikizwe. Mimi nimo edani."

 Ng'ambo ya pazia jirani mmoja akasikika akimtaja Mungu taratibu.

Sumaiya alisimama. Mdomo wake ulikuwa wazi, na maneno yote yalikuwapo, yamepangana, yanasubiri. Bi Riyama hakumtisha wala hakumsihi. Aliinama tu, akaweka vidole viwili juu ya msahafu, akavirudisha. Kisha akamrudishia mtoto, na ikabidi wasaidiane, kwani vidole vya bibi vilikuwa vimeng'ang'ania kanga ya mtoto na havikutaka kuachia.

Ridhwan alikinywa kikombe chake cha kahawa mpaka machicha. Mama yake alimfundisha mtu haachi kikombe cha watu nusu. Akashukuru. Mzee Shaame akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia asiichukie nyumba ile, msiba haukupata nafasi ya kuwa mkarimu. Mlango ukafungwa.

Wakasimama kichochoroni. Juu msikitini watu walikuwa wakitawadha, maji yakisikika yakimwagika.

Ridhwan alisema, kwa utulivu uliomtisha Sumaiya kuliko kilio, kwamba kesho wataondoka na boti ya asubuhi mpaka Dar, na kutoka Dar watapanda basi. Atakwenda bandarini sasa hivi kukata tiketi. Sumaiya akasema kwamba pengine wangengoja kidogo. Ridhwan akamuuliza wangoje nini, na Sumaiya hakuwa na jibu aliloruhusiwa kulitoa.

"Wewe ulikaa naye," Ridhwan akasema. "Ulimwona uso. Niambie tu, na sitouliza tena. Yule mama anasema kweli?"

Kwenye mkono wake wa kulia Sumaiya bado alikuwa akilihisi jalada la msahafu. Alitafuta neno lisilokuwa uongo na lisilokuwa siri. Alilitafuta hata katika macho ya mwanawe. Hakulipata, na alipokuwa bado analitafuta, Ridhwan akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekwishajibiwa.

"Basi yale waliyokuwa wakimwita mama yangu," akaanza. Hakumaliza.

Akamsogelea mtoto, akamgusa sikio lililokunjika.

"Na huyu tutamtafutia jina jingine," akasema.

Akaondoka kuelekea Malindi, bandarini, bila kuangalia nyuma. Ile hatua yake ndefu, ambayo kwa siku kumi na moja Sumaiya aliikimbilia na mtoto mgongoni akicheka na kumwambia mngoje mwenzio, leo hakuwa na nguvu ya kuifuata.

Alikaa kwenye baraza la nyumba ya pili. Akatoa daftari lake, akaiangalia mitaa yote: Mkunazini, Sokomuhogo, Vuga, Hurumzi, Baghani. Kila jina na siku yake. Mengine yana alama ya mafuta ya mandazi. Kiponda alikuwa hajaliandika. Akashika kalamu, na kalamu haikwenda.

Mlango wa nyumba ya dirisha la kijani ukafunguka nusu. Akatoka Tahiya, buibui amelitupia kichwani kwa haraka, akaangalia huku na huku, kisha akaja kukaa karibu yake kana kwamba wanajuana.

"Hukusikia ngazi," akasema, anatazama mbele. "Niliposhuka kupika kahawa. Hukusikia ngazi, eti?"

Sumaiya akageuka.

"Sikushuka mpaka wanaume walipokwisha panda. Nilikuwa nyuma ya mlango." Alizungumza kwa haraka na chini chini. "Na mama mkubwa anajidanganya. Yeye hajui kurekodi. Mimi ndiye niliyemshikia ba mkubwa simu, siku ile. Maneno nilijitumia na kwangu kabla hajayafuta."

Akaitoa simu, akaibonyeza, akaisogeza sikioni mwa Sumaiya. Kwanza palikuwa na saa, saa nyingi, zote zikienda pamoja. Kisha pumzi nzito ya mgonjwa. Kisha sauti ya mzee, dhaifu, ikatamka jina la mumewe kama inaliogopa:

"Ridhwan. Mwanangu Ridhwan, ni mimi baba..."

Tahiya akaizima.

Sumaiya alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Akamsihi amkimbilie Ridhwan, hajafika mbali, yuko njiani Malindi, ampe asikie. Yeye amefungwa, ameapa, lakini...

"Mimi sijaapa," Tahiya akasema. "Nnaweza kumwambia leo hii." Akainua macho kwenye dirisha la kijani, na kwenye upenyo wake palikuwa na kitu cheupe kimesimama, hakitikisiki. "Lakini nikisema, humo ndani sirudi tena, na kwengine sina. Kwa hiyo kwanza nawe kuna jambo utaniapia."

Akaingiza mkono chini ya buibui, akatoa msahafu mdogo, akauweka juu ya daftari la mitaa.

"Una udhu?" akauliza.